Injini Kabla ya Kaburi

Kutoka Migori mpaka Homa Bay hakuna mwandishi anayesomwa kunishinda mimi. Ushahidi ninao. Juzi nilinunua ngege pale sokoni, na muuzaji akamfungia kwa ukurasa wangu huu huu. Kusema kweli, aliyekuwa anasoma ni samaki. Upande wa nje muuzaji alikuwa ameweka tangazo la dawa ya kuku.

Haya. Samaki ashaliwa. Turudi kwa binadamu.

Wiki jana niliwaacha na Bathsheba, mjane wa Orina, ameinama juu ya Datsun ya baba mkwe wake. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa ndani ya injini, kati ya mnyororo na meno ya chuma. Na baba mkwe mwenyewe, Mzee Stanley Machuki, alikuwa kwenye kiti cha dereva, ameshika ufunguo.

Mzee akazungusha ufunguo.

Klik.

Basi, hiyo tu. Klik kama ya mkoba wa mama wa kwaya. Injini haikugeuka hata unywele.

Bathsheba akachomoa mkono, akavitazama vidole vyake kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amesahau kwa jirani.

"Tata," akasema polepole, maana hivyo ndivyo Mkisii anavyomwita baba, "uliniona nimeingiza mkono."

"Nilikuona."

"Na ukawasha."

"Nilitaka kujua kama starta inafanya kazi. Kwani wewe una mkono mmoja?"

Kando ya banda, fundi Angwenyi alikuwa anaangalia viatu vyake kwa bidii sana.

"Angwenyi," mzee akaita. "Betri yangu iko wapi?"

"Iko makambini, mzee, kwenye mkutano wa waumini. Spika ya kanisa ilizima katikati ya mahubiri."

"Umeazima watu betri yangu?"

"Nimemwazima Mungu, mzee."

"Mungu ana radi. Betri yangu anaifanyia nini?"

Angwenyi akarudi kuangalia viatu vyake. Jibu ninalo mimi: vidole vya Bathsheba viliokolewa na mhubiri asiyejua kumaliza. Wale wahubiri wa aina hiyo nimewasema sana katika ukurasa huu. Wiki hii nimenyamaza.

Sasa wewe ambaye hadithi za nyuma ulifungiwa samaki, sikiliza upesi.

Orina alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Machuki wa hapa Suna. Alikuwa fundi wa magari Homa Bay. Alimpenda Bathsheba, mshonaji wa nguo, na mzee akakataa. Hakupeleka ng'ombe hata mmoja kwa wazazi wa Bathsheba, hakutuma wazee, na siku Orina alipomleta nyumbani amevaa gauni jipya la njano, mzee alimfungia geti akiwa nje, mvua inanyesha, akamwambia mlinzi amfungulie mbwa kwanza.

Orina akataka kumlainisha baba yake. Na kitu pekee ambacho mzee alikipenda duniani kilikuwa ile Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye pua ndefu, alilokuwa akishindania rali za matope enzi zake. Sasa lilikuwa limelaliwa na kuku. Orina akaitoa injini, akaipeleka Homa Bay, akaifungua yote, kila chuma mahali pake, ili aifunge upya iwe kama ilivyotoka kiwandani.

Aliifungua. Hakuifunga. Lori lilimkuta akiwa kwa pikipiki, kwenye kona, na tangu siku hiyo yuko mochari ya Homa Bay.

Bathsheba alipokuja kuomba kaburi, mzee alimjibu akiwa anakula ndizi.

"Mwanangu alifungua injini yangu, na aifunge. Akishindwa kwa sababu amekufa, aifunge aliyekuwa akilala naye. Siku itakaponguruma na vyuma vyake vyenyewe, orijino, hiyo siku nitachimba kaburi. Isiponguruma, kaunti itamzika pamoja na wale wasio na watu."

"Tata, ni mtoto wako."

"Yuko kwa friji. Haraka ni yako, yeye hana."

Ndiyo maana mshonaji wa nguo alikuwa na mikono ndani ya injini. Basi umeelewa. Twende.

Asubuhi iliyofuata betri ilirudi, imenenepa Neno la Mungu. Bathsheba na Angwenyi wakaendelea.

Ningependa kukuambia kwamba Bathsheba aligeuka fundi mkubwa, lakini hakugeuka. Alichokuwa nacho ni Orina. Yule marehemu alikuwa na tabia yake: kila pistoni aliifunga kwa kipande cha kitambaa kilichobaki mkewe aliposhona gauni. Pistoni ikirudi kwenye silinda isiyo yake, injini inakula mafuta na kulalamika. Basi Orina alizipanga kwa mpangilio wa magauni. Silinda ya kwanza, kitambaa chekundu, gauni alilokuwa amevaa walipokutana. Ya pili, cha maua ya bluu, la harusi ya rafiki yao. Na kuendelea hivyo hivyo.

Bathsheba alikuwa anafungua kitambaa, analia kidogo, anapaka mafuta, anashusha pistoni. Anafungua kingine.

"Ukilia usilenge kwenye silinda," Angwenyi akamwambia. "Maji huleta kutu."

Huyo ndiye alikuwa mtu mwenye huruma pale nyumbani. Sasa wafikirie wengine.

Vitambaa vyote vilikuwepo isipokuwa kimoja. Cha njano hakikuonekana. Na vyuma vyote vilikuwepo isipokuwa kabureta mbili, zile pacha zinazokaa ubavuni mwa injini na kuchanganya petroli na hewa. Bila kabureta, injini ni kitu cha kuwekea vyungu vya maua.

"Boaz," Bathsheba akamuuliza shemeji yake, mdogo wa Orina, aliyeleta vyuma kutoka Homa Bay kwa pikapu. "Kabureta ziko wapi?"

"Nilileta nilichokuta."

"Nilizifunga pamoja na yeye. Nilizikatia kitambaa mimi mwenyewe."

"Basi muulize yeye," akasema Boaz, akaendelea kupiga mswaki.

Angwenyi hakupenda kushindwa mbele ya Mungu aliyemwazima betri. Akatafuta kabureta moja ya pikapu iliyokufa, akachomelea bomba, akaifunga pale ubavuni, mbaya kama jino la mbao. Akamwaga petroli kidogo. Akamwambia Bathsheba apande.

Bathsheba akakaa kwenye kiti cha dereva. Akafunga macho. Akazungusha ufunguo.

Injini ikakohoa. Ikapiga chafya, moshi mweusi, kuku wakatawanyika. Ikakohoa tena.

Halafu ikanguruma.

Silinda zote sita zikaitikia. Sauti ikajaa boma zima, nzito, laini, inapanda na kushuka kama mtu mwenye kifua kikubwa anayeimba akiwa peke yake. Mama Rispa, mama yake Orina, akatoka jikoni na unga mikononi. Majirani wakapanda juu ya ua.

Na mlango wa nyumba kubwa ukafunguka. Mzee Machuki akatoka na fimbo yake. Alikuja polepole mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya bodi, na machozi yakamtoka. Ya kweli. Yakamwagika mpaka kwenye ndevu.

Bathsheba akazima injini. Akashuka. Akangoja.

"Hiyo ndiyo sauti," mzee akasema. "Hiyo ndiyo sauti yenyewe."

Mama Rispa akapiga magoti palepale na unga wake. "Ahsante, Mungu. Mtoto wangu atalala."

Mzee akafuta macho kwa mkono wa koti. Akainua boneti. Akachungulia.

"Kabureta ya nani hii?"

Angwenyi akaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

"Nimeuliza, ya nani? Gari langu lilikuwa na mbili. Hii ni moja, na ina uso kama wa Angwenyi."

"Ni ya kujaribia tu, Tata," Bathsheba akasema. "Injini ni yako. Vyuma vyote ni vyako. Umeisikia mwenyewe."

"Nimesikia gari la wizi likitumia jina la gari langu. Nilisema orijino. Toa huo uchafu. Na Jumapili wazee wa ukoo wakija, nitawaambia mwanangu ameniharibia mali, na mwanamke wake ameshindwa kuitengeneza. Kisha Boaz ataenda Homa Bay kuwaambia wale watu wa mochari kwamba hapa hatuna mtu."

Akageuka. Akarudi ndani. Machozi yalikuwa bado hayajakauka, naye anatembea nayo kama mtu aliyetoka kuoga.

Mama Rispa alibaki amepiga magoti. Hakuna aliyemwinua.

Boaz ndiye aliyemfuata Bathsheba nyuma ya banda, amekunja uso wa huruma ambao naamini alikuwa ameujaribu kwenye kioo.

"Shem, sikutaka kusema mbele ya watu. Orina aliziuza."

"Aliuza nini?"

"Kabureta. Aliziuza Karungu, kwa mwenye boti mmoja. Nenda uulize pale ufukweni kwa wamama wa omena. Ukienda leo utazipata kabla ya Jumapili."

Bathsheba akaenda. Unamlaumu? Mtu ambaye mumewe yuko kwenye friji huamini chochote chenye jina la mahali.

Karungu palikuwa na jua na omena, dagaa wa ziwani, zimeanikwa juu ya nyavu. Mwanamke aliyekuwa akizigeuza, jina lake Emmaculate, alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi.

"Hebu rudia. Unatafuta kabureta."

"Mbili. Za Datsun."

Emmaculate akawageukia wenzake. "Nyar Kisii," akasema, yaani binti wa Kisii, "anatafuta gari ziwani."

Wakacheka. Walicheka vizuri, kwa kushikana mabega.

"Mume wangu ndiye aliziuza," Bathsheba akasema. "Amekufa."

Kicheko kikakatika, isipokuwa cha mama mmoja wa mwisho, ambaye alikuwa amechelewa kuanza.

"Pole, nyaminwa," Emmaculate akasema, maana yake dada yetu. "Sasa nisikilize. Hapa boti nyingi ni za kasia, na zenye injini zina injini zake ndogo za nyuma. Kabureta ya gari tutaifanyia nini, tuivulie omena? Ni nani amekutuma?"

"Shemeji yangu."

"Huyo shemeji alitaka tu usiwe nyumbani leo. Rudi ukaone kwa nini."

Akamfungia omena kwenye karatasi. Msiniulize ilikuwa karatasi gani, nina majivuno yangu.

Bathsheba aliingia bomani jioni, jua bado liko. Kabla hajafika bandani, mkono ulitoka kwenye mlango wa jikoni ukamvuta ndani kwa nguo. Alikuwa Mama Rispa.

"Zimekuja," akanong'ona.

"Nini, mama?"

"Zile chuma zako. Ulipoondoka tu, Boaz alizitoa chini ya kiti cha pikapu yake. Angwenyi alikuwa ameomba kuazima hiyo pikapu, Boaz akaogopa ataziona. Akazibeba kwa gunia mpaka chumbani kwa mzee. Baba yake mwenyewe ndiye aliyeinua shuka, akamwambia, 'Nilikuambia tangu mwanzo uzilete huku.' Ziko chini ya kitanda changu. Zinavuja petroli, leo nitalala kama niko ndani ya jerikeni."

"Zimefungwa na nini?"

"Kitambaa cha njano."

Bathsheba akakaa juu ya kuni.

Kwa hiyo ni mzee aliyezificha, kwa mkono wa Boaz, tangu siku ya kwanza. Alimtazama huyu mwanamke akilia juu ya pistoni, akatazama injini ikinguruma, akamwaga machozi yake ya kweli juu ya bodi, na muda huo wote alijua ziko wapi. Hakuna injini ambayo ingemtosha. Kaburi hakuwa na nia ya kulichimba.

"Mama, zitoe. Usiku akilala, zisukume tu mpaka mlangoni."

Mama Rispa akatikisa kichwa. "Ameniapia. Nikizigusa, Boaz anaenda mochari asubuhi hiyohiyo. Mwanangu, mimi nimekuwa mwoga tangu niolewe. Ujasiri nitaanza kujifunzia wapi saa hii?"

"Basi niwaambie wazee."

"Uwaambie nini? Kwamba wakapekue chini ya kitanda cha Machuki, kwa neno la mwanamke ambaye yeye anasema si mke wa mtu? Watakuuliza wewe ulionaje huko chini ya kitanda."

"Basi nitaingia mimi mwenyewe nizichukue."

Mama Rispa akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Wasomaji wangu ambao si Wakisii, ngojeni niwaambie kwa nini. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni, yaani aibu iliyowekwa kati ya watu wasiotakiwa kuzoeana. Mke wa mtoto wako, ambaye tunamwita mokamwana, hawezi kukanyaga chumba unacholala. Hawezi kuona kitanda chako. Akiingia, amelaani nyumba, na hakuna mzee atakayemtetea. Angefukuzwa siku hiyo, na Orina angebaki huko aliko.

Mzee Machuki alijua. Chumba chake hakina hata kufuli. Mlangoni kuna pazia tu, la maua, na lile pazia lilimlinda kuliko askari.

Angwenyi aliposimuliwa, alikuna kichwa.

"Na wewe, Angwenyi," Bathsheba akasema. "Wewe si mokamwana wa mtu. Ingia."

"Chumbani kwa mzee? Mimi ni shemasi, dada. Nikikutwa chini ya kitanda cha watu, nitaeleza kanisa kwamba nilikuwa natafuta kabureta?"

Bathsheba akarudi bandani. Alichukua kabureta ya pikapu, akaifungua kutoka kwenye injini, bolti kwa bolti, akaacha matundu mawili wazi ubavuni. Akayaziba kwa vitambaa visafi, vumbi lisiingie. Kisha akafua gauni lake jeusi, akalianika.

Jumapili wazee wakaja.

Aliyewaongoza ni Mzee Bichage, kaka mkubwa wa Machuki, mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Waliketi sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, wakanywa chai kwa mkate. Mama Rispa alikuwa anazunguka na chupa ya chai. Boaz alisimama karibu na dirisha. Angwenyi aliruhusiwa kusimama mlangoni, nusu yake ndani na nusu nje. Bathsheba alipewa kigoda karibu na mlango. Kwenye ukuta wa ndani, pazia la maua lilikuwa limetulia.

"Tunataka kujua lini tunamzika mtoto," Bichage akasema. "Watu wanatucheka."

"Hatumziki," Machuki akajibu. "Niliweka sharti moja. Injini yangu irudi kama ilivyokuwa. Ilikohoa na kabureta ya kuokota, mpaka kuku wakakimbia. Zangu ziliuzwa. Amekufa na bado ananiibia."

"Aliuzia wapi?"

"Karungu," akasema Boaz. "Kwa mwenye boti."

"Nimetoka Karungu," Bathsheba akasema.

"Na umezipata?" Machuki akauliza, akatabasamu na kunywa chai.

"Sikuzipata."

"Wazee mmesikia." Akaweka kikombe. "Boaz ataenda Homa Bay kesho. Mimi nimemaliza."

Mama Rispa akamwaga chai mezani. Akaipangusa kwa mkono, mkono ukaungua, akaendelea kupangusa.

Bichage akamgeukia Bathsheba. "Mwanamke, una neno?"

"Nina swali moja kwa Tata." Hakuinua sauti. "Mimi ni nani katika nyumba hii?"

Machuki akacheka. Alikuwa amelingoja swali hilo kwa muda mrefu, akalijibu kwa raha zake.

"Wewe ni mtu aliyelala kwa mwanangu akazoea. Sikupeleka ng'ombe kwenu. Sikutuma wazee. Sikukufungulia geti. Hapa wewe ni mgeni, na mgeni hunywa chai akaenda."

"Mimi si mokamwana wako."

"Nikuapie?"

"Ukipenda."

Mzee hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya watu. Akachukua Biblia ya Mama Rispa juu ya kabati, akaweka mkono juu yake. "Huyu mwanamke si mokamwana wangu. Hajawahi kuwa. Wazee wote mashahidi."

"Tumesikia," akasema Bichage kwa uzito, na haikumfurahisha.

Mama Rispa akaegemea ukuta. Boaz akatazama nje, kama mtu anayepanga safari.

Bathsheba akaweka kikombe chake chini. Akajifuta mikono kwenye gauni. Akainuka, akawapa wazee heshima kwa kuinama kidogo.

Wote walidhani anatoka.

Hakugeukia mlango. Alikata katikati ya sebule, akapita meza, akaelekea pazia.

Angwenyi akafunga macho. Chupa ya chai ya Mama Rispa ilisimama hewani.

"Unaenda wapi?" Machuki akauliza.

"Mgeni ameona kitambaa kizuri," Bathsheba akasema bila kugeuka. "Mimi ni mshonaji, Mzee Machuki. Nataka kuona kimepindwa vipi kwa ndani."

Mlisikia? Hakumwita Tata. Wazee walisikia.

Akanyoosha mkono. Vidole vyake, vilevile vilivyoponea makambini, vikashika ukingo wa pazia.

Mzee Machuki, ambaye tangu mwaka juzi hajasimama bila fimbo, alisimama bila fimbo. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Toka hapo. Toka. Mokamwana haingii chumba cha baba mkwe wake."

Nzi alitembea juu ya mkate, hakuna aliyemfukuza.

Bathsheba akaachia pazia. Akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Nimesikia, Tata. Siingii."

Bichage akaweka kikombe chake mezani polepole, kama mtu anayeogopa kitavunjika.

"Stanley. Umesema nani haingii?"

"Nimesema mtu. Mtu haingii chumba cha mtu."

"Hukusema mtu."

"Nilikuwa na hasira, ulimi ukateleza."

"Ulimi wako umeteleza ukaangukia ukweli. Biblia bado ina joto la mkono wako." Bichage akawatazama wazee wenzake, mmoja mmoja, na wote wakaitikia kwa vichwa. "Basi Orina ana mke, na baba yake ndiye ametuambia. Hilo limekwisha. Nina lingine. Nimekujua tangu ukiwa unanyonya, na tangu ushike fimbo sijaona ukiiacha, hata nyumba ya jirani Mogire iliposhika moto. Huko ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Kwa kitu ambacho hakipo umeangusha kiti."

Machuki akalamba midomo. Alimtafuta Boaz kwa macho. Pale dirishani hapakuwa na mtu tena, na nje pikapu ilikuwa inawashwa.

"Kuna viatu," akasema. "Chini ya kitanda. Viatu vyangu vya zamani vya rali. Sipendi vishikwe."

"Viatu tu?"

"Viatu tu. Naapa."

Mama Rispa akaweka chupa ya chai chini. Hakuomba ruhusa. Mwanamke aliyekuwa mwoga tangu aolewe alitembea mpaka kwenye pazia, chumba chake mwenyewe, akalishika, akalivuta mpaka mwisho wa waya wake.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Ilipita juu ya mkate, juu ya chai, ikaingia kwenye pua za wazee, na mmoja wao, mvutaji, akazima sigara yake haraka kwenye sahani.

Chini ya shuka kulikuwa kumechungulia ncha ya kitambaa cha njano. Imelowa.

Bichage hakuinuka. Alivuta pumzi mara moja, ndefu, akamgeukia mdogo wake.

"Stanley," akasema, "hivyo viatu vyako vinakunywa petroli tangu lini?"